Oili chafu: Faida iko kwenye ukusanyaji, si kwenye mtambo

OILI chafu inayomwagwa nyuma ya gereji, au kuuzwa kwa bei ya kutupa kwa mafundi wa kupaka mbao dawa ya mchwa, ni malighafi kamili. Mafuta yenyewe huchakaa kidogo tu ndani ya injini. Kinachoisha ni viongezo, na kinachoongezeka ni maji, petroli, masizi na chembe za vyuma. Vikiondolewa hivyo, hupatikana mafuta ya msingi ya kutengenezea vilainishi vipya.

Kwa hesabu za mamlaka ya mazingira ya Marekani, lita 3.8 za oili chafu hutoa takriban lita 2.4 za kilainishi. Kupata kiasi hicho hicho kutoka kwenye mafuta ghafi huhitaji pipa zima la lita 159, ingawa sehemu kubwa ya pipa hilo huwa petroli na dizeli.

Viwanda vya kisasa huondoa kwanza maji na petroli kwa joto, kisha huvukiza mafuta ndani ya mtungi ulionyonywa hewa ili yasiungue, na kumalizia kwa gesi ya hidrojeni. Njia ya zamani ya asidi ya salfa na udongo ni rahisi, lakini huacha tope la asidi ambalo ni sumu na ni ghali kulitupa kihalali. Mwekezaji anayeuziwa mtambo wa bei nafuu aulize kwanza unatumia njia ipi.

Hata hivyo, mtambo bila oili ni chuma kitupu. Italia ililitambua hilo mapema. Mwaka 1982 iliunda kwa sheria chama cha lazima cha kukusanya oili chafu, kinachogharimiwa na tozo kwenye kila kilo ya kilainishi kipya kinachouzwa. Leo karibu oili yote inayokusanywa nchini humo husafishwa upya badala ya kuchomwa.

Anayekusanya ndiye anayeshika ubora. Oili ya breki, tina au maji ya rejeta yakichanganywa kwenye pipa moja, yanaweza kuharibu tangi zima. Gereji inayotenga mapipa yake ina bidhaa. Isiyotenga ina taka.

Hatari nyingine ni bei. Mafuta ghafi yalikuwa zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014, na Januari 2015 yakashuka chini ya dola 50. Kampuni ya Safety-Kleen ya Marekani, iliyokuwa ikiwalipa wenye gereji ili ichukue oili, ikageuka na kuanza kuwatoza. Mkusanyaji aliyenunua kwa bei ya juu hawezi kuhimili mteremko wa namna hiyo.

Kwa Tanzania, oili chafu ni taka hatarishi na biashara yake huhitaji kibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kuichuja kwa kitambaa na kuijaza kwenye makopo yenye nembo za watu si usafishaji. Ni kughushi, na injini za wateja ndizo zitakazolipa.

Mwenye mtaji mdogo aanze na mapipa yenye mifuniko, kibali, na mkataba wa maandishi na mnunuzi ambao bei yake inafuata soko. Mtambo unaweza kungoja.