Kwa Nini Timu Hutangulia Ugenini: Funzo la Meksiko, 1970

Timu ya kandanda isafiripo kwenda nchi ya mbali haichukui mipira na viatu peke yake. Huchukua pia miili iliyozoea hewa, joto, chakula na saa za nyumbani. Miili hiyo haina budi kufundishwa upya, na mafunzo hayo huhitaji majuma, si saa. Mfano mzuri ni safari ya timu ya taifa ya Uingereza, chini ya mwalimu wake Alf Ramsey, iliyokwenda Meksiko mwaka 1970 kutetea Kombe la Dunia. Timu hiyo iliwasili mwanzoni mwa Mei, ingawa mechi yake ya kwanza ilikuwa tarehe 2 Juni.

Hewa ya milimani

Jiji la Meksiko lina mwinuko wa mita 2,240 hivi kutoka usawa wa bahari. Ni kosa kudhani kwamba oksijeni huko ni sehemu ndogo zaidi ya hewa. Sehemu yake ni asilimia 21 ile ile iliyoko pwani. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa, ambayo huko huzidi kidogo tu robo tatu ya ile ya pwani. Kwa hiyo kila pumzi huingiza mapafuni oksijeni kidogo zaidi, na misuli ya mkimbiaji huchoka upesi.

Mwili hujibu kwa hatua. Siku za kwanza mtu huhema haraka na moyo hupiga mbio. Mafigo nayo hutoa homoni iitwayo erithropoyetini, ambayo huuchochea uboho wa mifupa kutengeneza chembechembe nyekundu za damu zilizo nyingi zaidi. Kazi hii ya pili huchukua majuma kadhaa. Ndiyo sababu mazoezi ya ugenini huanza mepesi, yakaongezwa kidogo kidogo.

Waingereza walipanda juu zaidi kwa makusudi. Tarehe 20 Mei walicheza Bogotá, Kolombia, penye mita 2,600 hivi, wakashinda 4-0. Tarehe 24 Mei walicheza Quito, Ekwado, penye mita 2,850 hivi, wakashinda 2-0. Huko walijifunza jambo jingine: hewa nyepesi huuzuia mpira kidogo tu, hivyo mpira huenda kasi zaidi na kupinda kidogo zaidi. Mlinda mlango hulazimika kuyazoesha upya macho yake.

Joto, jasho na usingizi

Mechi kadhaa zilichezwa saa sita mchana ili watazamaji wa Ulaya wazione jioni katika televisheni, kwani saa za London zilitangulia zile za Meksiko kwa saa 7. Tofauti hiyo huvuruga pia usingizi wa msafiri, na mwili huhitaji siku kadhaa kurekebisha saa yake ya ndani.

Tarehe 7 Juni Uingereza ilishindwa 1-0 na Brazili mjini Guadalajara, katika joto la adhuhuri. Usiku uliotangulia, mashabiki waliizingira hoteli ya Waingereza wakapiga kelele wasilale. Katika joto kama hilo mchezaji aweza kutoka jasho lita mbili au zaidi. Mizani hulipima jasho kwa urahisi: kilo moja iliyopungua baada ya mchezo ni takriban lita moja ya maji. Wakati ule wachezaji walimeza vidonge vya chumvi. Leo hushauriwa zaidi kunywa maji yenye chumvi na sukari kidogo.

Chakula na maji

Waingereza walibeba chakula na maji ya chupa kutoka kwao. Hata hivyo maofisa wa Meksiko waliteketeza nyama na vyakula vya maziwa, kwa kuogopa kuingiza ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe. Juu ya tahadhari zote hizo, mlinda mlango Gordon Banks aliugua tumbo, asicheze dhidi ya Ujerumani Magharibi mjini León tarehe 14 Juni. Uingereza iliongoza 2-0, kisha ikashindwa 3-2 katika muda wa nyongeza. Haiwezi kuthibitishwa kwamba Banks angeligeuza matokeo. Lakini ni dhahiri kwamba kijidudu kisichoonekana kwa macho chaweza kumtoa uwanjani mchezaji aliyeandaliwa kwa majuma mengi.

Funzo kwa shule

Timu ya shule itokayo Tanga kwenda Mbeya, penye mwinuko wa mita 1,700 hivi, hukutana na mambo hayo hayo kwa kiasi kidogo. Wanafunzi waweza kuyachunguza wenyewe: kila asubuhi, kabla ya kutoka kitandani, kila mmoja ahesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja na kuyaandika. Wafanye hivyo siku tatu nyumbani, kisha kila siku ugenini. Mapigo yakipanda siku za mwanzo, mwili ungali kazini, na mwalimu mwenye busara atapunguza mazoezi mpaka yashuke.