Je, Wajua? Hata Daktari Hupiga Hodi

Mwili ni nyumba ya mtu. Anayetaka kuuingia kwa sindano au kisu hubisha hodi kwanza, asubiri kuitikiwa. Kuitikiwa huko wanasheria hukuita ridhaa.

JE, WAJUA kwamba ridhaa ya hiari ndiyo kanuni ya kwanza kati ya 10 za Nuremberg za mwaka 1947? Zilitoka katika kesi ya madaktari wa Kinazi waliowafanyia wafungwa majaribio makambini. Walioshtakiwa walikuwa 23, saba walinyongwa.

JE, WAJUA kwamba huko Tuskegee, Marekani, wanaume weusi wapatao 600, wengi wao wakiwa na kaswende, walichunguzwa kuanzia 1932 hadi 1972 bila kuambiwa ukweli? Walielezwa kuwa wana "damu mbaya" na kuahidiwa gharama za mazishi. Penisilini ilipokuja kuwa tiba, walinyimwa.

JE, WAJUA kwamba seli alizotolewa Henrietta Lacks hospitalini Baltimore mwaka 1951, bila kuulizwa, zinakua maabarani hadi leo? Mwenyewe alifariki mwaka huohuo. Mwaka 2023, miaka 72 baadaye, familia yake ilipatana na kampuni moja iliyonufaika nazo.

JE, WAJUA kwamba mwaka 2018 mwanasayansi He Jiankui wa China alitangaza kuzaliwa kwa mapacha aliobadili jeni zao wakiwa viinitete? Alifungwa miaka mitatu. Swali aliloliacha lingali hai: nani amwitikie hodi asiyezaliwa?

JE, WAJUA kwamba Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa? Hodi isiyosikika si hodi.

JE, WAJUA kwamba sheria hiyohiyo haimsahau asiyeweza kuitika? Ikiwa kuchelewa kunaweza kumuua, atatibiwa bila kuulizwa, mradi hakuwahi kukataa.

JE, WAJUA kwamba Tanzania ilishusha umri wa kupima VVU bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15 mwaka 2019? Mwenye miaka 15 leo anaweza kuitika mwenyewe.

JE, WAJUA kwamba Wasan wa Afrika Kusini, waliochoka kupimwa na kupigwa picha na watafiti, walitoa kanuni zao wenyewe mwaka 2017? Wanadai heshima, ukweli, haki na kujaliwa. Mtafiti aje kupitia mlangoni, naye akiondoka arudi kuwaeleza alichokipata.

JE, WAJUA kwamba aliyekwisha kusema "karibu" anaweza kumtoa mgeni nje? Azimio la Helsinki, lililopitishwa na madaktari wa dunia mwaka 1964, linampa mshiriki wa utafiti ruhusa ya kujitoa wakati wowote. Sahihi yako kwenye fomu haiufungi mlango kwa nje. Ufunguo unabaki kwako.