Akiba haiozi: Siri ya ghala la jikoni la Walebanoni

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walinena kwamba akiba haiozi. Nchini Lebanon methali hiyo yaweza kuchukuliwa jinsi ilivyo, kwani kwa vizazi vingi akina mama wa vijijini wamekuwa wakiandaa vyakula vinavyokaa miezi mingi pasipo kutiwa katika jokofu.

Akiba hiyo huitwa mune, neno la Kiarabu lenye maana ya chakula kilichowekwa kwa matumizi ya baadaye. Kila nyumba ya kijijini ilitengewa chumba au kabati la mitungi ya udongo, magunia na chupa, ambalo lilijazwa kati ya majira ya joto na vuli, kabla ya theluji kufunga njia za milimani.

Wengi wa vijana wa mjini Beirut walikuwa wamekwisha kuiona desturi hiyo kuwa mambo ya kale. Lakini masaibu yaliyoanza mwaka wa 2019 yaliwafanya wafikiri upya.

Mwaka huo uchumi wa Lebanon uliporomoka. Pauni ya nchi hiyo, ambayo tangu 1997 ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban 1,500 kwa dola moja ya Marekani, ilishuka thamani sokoni hadi kufikia 100,000 kwa dola mnamo Machi 2023. Mishahara ikawa haina nguvu ya kununua nyama wala jibini.

Kisha mnamo Agosti 4, 2020, mlipuko katika bandari ya Beirut uliwaua zaidi ya watu 200 na kuyabomoa maghala makuu ya nafaka ya taifa hilo, ambalo huagiza ngano yake nyingi kutoka ng'ambo. Serikali ilikiri kwamba akiba ya ngano iliyosalia haingetosha hata mwezi mmoja.

Isitoshe, Oktoba 2021 mitambo miwili mikuu ya umeme ilikosa mafuta, na gridi ya taifa ikazima kabisa. Jokofu likageuka kabati tu. Hapo ndipo hekima ya mune ilipodhihirika, kwani chakula chake hakihitaji umeme hata kidogo.

Siri yenyewe ni nyepesi. Viini vinavyoozesha chakula huhitaji maji ili kustawi, na vingi havipendi chumvi wala uchachu. Kwa hiyo mpishi huyaondoa maji kwa jua au kwa chumvi, hukiacha chakula kichachuke, kisha hukifunika kwa mafuta ili hewa isipenye.

Chukua mfano wa ngano. Huchemshwa ikiwa nzima, ikaanikwa juu ya paa hadi ikauke, kisha ikasagwa vipande vipande. Chakula hicho, kiitwacho burghuli, huiva upesi na hakitumii kuni nyingi, kwa kuwa tayari kimeshapikwa mara moja.

Burghuli hiyo ikichanganywa na maziwa ya mgando na kukandwa kwa siku kadhaa huchachuka. Mchanganyiko huo huanikwa juani na kufikichwa kwa mikono hadi ukawa unga mkavu unaoitwa kishki. Wakati wa baridi vijiko vichache vya unga huo, maji na kitunguu saumu hutoa uji mzito wenye ukali wa maziwa lala. Familia huwa imepata nafaka na maziwa katika bakuli moja.

Nyama nayo hutengenezwa kawarma. Zamani familia ilimnenepesha kondoo mwenye mkia wa mafuta kwa kumlisha majani ya mforosadi, ikamchinja msimu wa vuli. Nyama ilikatwa vipande vidogo, ikatiwa chumvi, ikakaangwa katika mafuta ya mkia na kuhifadhiwa mtungini chini ya mafuta hayo hayo.

Wasomaji wa kaskazini mwa Kenya wataitambua mara moja mbinu hiyo. Ni ndugu wa nyirinyiri, nyama ambayo Wasomali na Waborana huikaanga hadi ikauke na kuihifadhi katika mafuta kwa ajili ya safari na kiangazi.

Kadhalika kuna makdusi, yaani biringanya ndogo zilizochemshwa, zikatiwa chumvi na kukandamizwa hadi maji yakatoka, kisha zikajazwa jozi, pilipili nyekundu na kitunguu saumu na kuzamishwa katika mafuta ya zeituni.

Hapa pana onyo kwa anayetaka kujaribu nyumbani. Mafuta pekee hayahifadhi chakula. Huzuia hewa, lakini vipo viini vinavyostawi pasipo hewa na kutoa sumu inayoweza kuua. Ndiyo sababu chumvi, uchachu na ukamuaji wa maji havipaswi kurukwa.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba mune ni dawa ya kila dhiki. Kati ya 1915 na 1918 njaa iliwaua watu wanaokadiriwa kuwa 200,000 katika eneo la Mlima Lebanon. Nzige walivamia mashamba, manowari za Uingereza na Ufaransa zikafunga njia za bahari, na watawala wa Kiothmani wakatwaa nafaka kwa ajili ya jeshi lao. Wakati huo maghala ya nyumbani hayakufua dafu.

Mambo yalikuwa vivyo hivyo katika vita vya 2023 na 2024 kati ya Israeli na Hezbollah. Wakulima wengi wa kusini hawakuweza kuchuma zeituni zao, na mamia ya maelfu ya watu walihama makwao. Mtu anayekimbia mabomu hawezi kubeba mitungi.

Aidha, mafuta ya zeituni, jozi na nyama ni ghali, na mkazi wa ghorofa mjini hana paa la kuanikia ngano. Anayehitaji akiba zaidi mara nyingi ndiye asiyeweza kuiandaa.

Tusisahau pia kwamba katika nyumba nyingi za wenye uwezo, mikono inayokoroga chungu ni ya wafanyakazi wa kigeni, Wakenya wakiwemo. Agosti 2020, kundi la wanawake wa Kenya lilipiga kambi nje ya ubalozi mdogo wa nchi yetu jijini Beirut likiomba kurejeshwa nyumbani, baada ya kupoteza kazi na makao.

Humu nchini, kunde na mboga nyingine za kienyeji hukaushwa kwa jua, lakini nyanya na maembe huozea mashambani kila msimu wa mavuno mengi. Somo la Walebanoni ni kwamba mavuno ya leo yaweza kuwa mlo wa mwaka ujao, bila mashine wala umeme.

Naam, akiba haiozi. Ila sharti kwanza pawe na cha kuweka, na amani ya kukila.