Tairi Kubwa kwa Pikapu Kuukuu: Piga Hesabu ya Matano, Si ya Mawili

Kama pikapu yako ya fowili ni ya miaka ya 1990, ilitoka kiwandani na tairi la 205R16, na pesa uliyo nayo ni ya kuhesabu, nunua matairi matano mapya ya saizi ileile yenye meno ya A/T. Achana na yale mapana yanayokuvutia ukiyaona kwenye pikapu za watu mjini Kisii. Huo ndio ushauri wangu kwa wengi wanaoendesha Kisii na Nyamira. Wapo wachache wenye sababu nzuri ya kupanda saizi moja, na nitawafikia.

Kwanza ujue unanunua nini. Wengi wanataka gari liinuke. Lakini tairi likiongezeka kimo, gari hupanda kwa nusu tu ya nyongeza hiyo. Ukikokotoa, 205R16 ina kimo cha karibu milimita 734, na 265/70R16, ile pana inayopendwa sana, ina 777. Tofauti ni milimita 43, kwa hiyo tumbo la gari linapanda kama milimita 21. Hata ukiruka hadi 235/85R16 yenye kimo cha 806, umepata milimita 36 tu.

Je, hicho ndicho kinachokukwamisha? Kama diferensha hugonga tuta la katikati ya njia lililochimbwa na malori, milimita 21 zinaweza kukutoa. Lakini kwenye vijia vya milimani vinavyoshuka kutoka vituo vya kununulia majani chai, upande wa Kebirigo, Nyansiongo au Kiamokama, gari mara nyingi halishikwi kwa tumbo. Linateleza. Ule udongo mwekundu ukilowa, tabaka la juu huwa kama sabuni, ilhali chini yake kuna ardhi ngumu. Tairi jembamba lenye meno marefu hulikata tabaka hilo na kushika chini. Tairi pana huelea juu yake. Umelipa zaidi, ukashika kidogo.

Na huku kwetu hakuna kiangazi cha kutegemea. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, ikizidi kati ya Machi na Mei. Kwa hiyo meno ndiyo ya kwanza kuangaliwa, upana baadaye.

Meno ni ya aina tatu, na herufi zake huandikwa ubavuni. H/T ni ya lami: bei nafuu, kimya, haina msaada kwenye tope. M/T ni ya matope: bei juu, kelele nyingi, na huisha haraka ukiikimbiza kwenye lami. A/T iko katikati. Mtu anayetoka Nyamira hadi soko la Daraja Mbili karibu kila siku anapita lami sehemu kubwa ya safari, kisha anamalizia kilomita chache za marram na udongo. M/T itamlia pesa kwenye lami ile, na lami ikilowa itachelewa kumsimamisha. Nunua M/T kwa gari linaloshinda shambani au kwenye machimbo ya mawe ya Tabaka tu, si kwa gari la soko.

Sasa gharama. Nitatumia bei za mfano ili hesabu ionekane. Wewe weka za duka lako. Tuseme 205R16 A/T mpya ni shilingi 13,000. Matano ni 65,000. Tuseme 265/70R16 ya ubora uleule ni 19,000. Matano ni 95,000. Ungedhani tofauti ni 30,000, na hapo ndipo wengi hufanya uamuzi na kulipa.

Lakini tairi la 265/70 linahitaji rimu yenye upana wa inchi 7 hadi 9. Pikapu nyingi kuukuu zina rimu ya chuma ya inchi 6 au pungufu. Angalia namba iliyopigwa kwenye rimu, kama vile 16x6J. Tairi pana kwenye rimu nyembamba huvimba katikati, huisha katikati, na ubavu wake huyumba kwenye kona ukiwa na mzigo. Basi unatafuta rimu tano. Tuseme zilizotumika ni 7,000 kila moja: 35,000 nyingine. Umefika 130,000, mara mbili ya chaguo la kwanza, na bado hujatoka karakana.

Kwenye rimu za kutumika kuna mtego. Muuzaji atakuambia zitaingia kwa sababu zina matundu sita kama zako. Pikapu nyingi za Kijapani ni kweli zina matundu sita yenye umbali uleule. Lakini pikapu kuukuu huwa na habu za mbele zinazofungwa kwa mkono, nazo hutokeza nje. Rimu ya alumini ya gari jipya inaweza kuwa na tundu dogo la katikati lisilozipitisha. Pia rimu ikikaa nje zaidi ya ile ya kiwanda, beringi za gurudumu na viungo vya usukani hubeba mzigo usiopangiwa. Usilipe kabla rimu moja haijafungwa mbele na usukani kukatwa hadi mwisho, kulia na kushoto.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni hili: usinunue mawili makubwa ya nyuma ukabakiza madogo mbele. Naelewa kwa nini watu hufanya hivyo, maana pesa haitoshi. Kwenye pikapu ya fowili ya kizamani, ile ya kuingiza kwa gia ya mkono, hakuna diferensha katikati ya mbele na nyuma. Ukiingiza fowili, shafti zote mbili zinalazimishwa kuzunguka sawa. Matairi yakitofautiana kimo, mbele na nyuma zinataka kwenda mwendo tofauti, na mkazo huo unaishia kwenye gia boksi ndogo na kwenye diferensha. Tope linaweza kuusamehe kidogo kwa kuteleza. Lami haisamehe. Gia boksi ndogo ikikatika, bei yake itameza pesa uliyookoa kwenye matairi.

Kwa sababu hiyohiyo hesabu ni ya matano, si manne. Spea ndogo kwenye gari lenye manne makubwa ni ya kukufikisha kwa fundi wa pancha tu, bila fowili. Na kabla hujanunua, pima kama spea kubwa itaingia chini ya bodi pale inapokaa ya zamani. Isipoingia, itakaa juu kwenye nafasi ya mzigo, na hiyo ni nafasi ya mikungu ya ndizi unayoipoteza kila safari.

Kisha kuna nguvu. Kutoka 734 hadi 777 ni ongezeko la karibu asilimia 6. Kila gia yako inakuwa nzito kwa kiasi hicho. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na dizeli isiyo na tabo tayari inajikokota kwenye mlima. Utateremsha gia mapema zaidi, klachi itafanya kazi zaidi, na breki zitasimamisha gurudumu zito zaidi. Spidomita nayo itadanganya: ikisoma 80, unakwenda karibu 85. Kwenye miji ambako kikomo ni 50, kumbuka hilo. Odomita itahesabu pungufu, kwa hiyo sevisi ya oili ifanye mapema kidogo kuliko inavyosoma.

Matairi yaliyotumika ni kishawishi kikubwa, nami siyakatai yote. Pima meno kwa rula. Tuseme jipya lina milimita 9, na kwa tope letu utalitoa likifika 3. Una milimita 6 za kutumia kwa 13,000, yaani karibu 2,170 kwa kila milimita. La kutumika lenye milimita 5, bei 7,000, lina 2 tu za kutumia: 3,500 kwa kila milimita. Rahisi ndiyo ghali hapo. Likiwa na milimita 7 kwa bei hiyo, hesabu inageuka na unaweza kulichukua.

Kabla hujalichukua, tafuta alama ya DOT ubavuni. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Viwanda vingi vinashauri tairi likipita miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na likifika 10 liondolewe hata kama lina meno. Soma namba hii hata kwenye tairi linaloitwa jipya.

Soma pia namba ya uzito. 104 ina maana tairi moja hubeba kilo 900; 110 ni kilo 1,060; 112 ni kilo 1,120. Upana hauhakikishi nguvu. Matairi ya kutumika yaliyotoka kwenye magari ya familia huwa na namba ndogo kuliko yale ya pikapu, na wewe unapakia mbolea, simiti au mchanga. Usishuke chini ya namba ya tairi la kiwandani.

Gharama zinazojificha ziulizwe kwa jina. Je, bei ina VAT? Ushuru huo ni asilimia 16: tairi la 19,000 linakuwa 22,040, na kwa matano hiyo ni 15,200 ya ghafla. Kufunga, kubalansi, valvu mpya na alainmenti viko ndani ya bei au nje? Ukiagiza kutoka Nairobi au Kisumu, nani analipa usafiri, na likiwa na kasoro nani analirudisha? Taka risiti yenye saizi na namba ya DOT. Kama una bima kamili, ijulishe kampuni ya bima kabla ya kubadilisha saizi.

Nani basi apande saizi? Yule asiyepata 205R16 nzuri dukani. 225/75R16 ina kimo cha karibu 744, huingia kwenye rimu ya inchi 6, na spidomita haisumbuki. 245/70R16, kimo 749, inatumiwa na pikapu nyingi mpya na kwa hiyo hupatikana kirahisi, lakini inataka rimu ya inchi 6.5 au zaidi. Zaidi ya hapo ni kwa mwenye pesa ya rimu, klachi na marekebisho.

Pesa unayobakiza, nunua minyororo ya tope ya saizi ya tairi lako na kipima upepo. Gari likiwa tupu, kushusha upepo kutoka PSI 35 hadi 25 kwenye tope kunaongeza mshiko bila gharama. Rudisha kabla ya lami, na usishushe ukiwa na mzigo.

Na kama leo una pesa ya matairi mawili tu, nunua mawili ya saizi ileile uliyo nayo, yafunge nyuma, uingize fowili kwenye tope peke yake, na mengine yafuate kabla mvua za Machi hazijaanza.