"Kufuata Sayansi": Kauli ya Kisiasa na Suala la Uwajibikaji Nchini Uingereza

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio kitamfichua. Hata hivyo, ugonjwa unapoenea nchi nzima, si maradhi pekee yanayoweza kufichwa. Uamuzi nao huweza kufichwa, tena ndani ya neno. Makala haya yanaangazia kauli iliyosikika mno katika siasa za Uingereza wakati wa janga la UVIKO-19, kwamba serikali "inafuata sayansi". Inabainishwa kuwa kauli hiyo, ingawa ilisikika kama ishara ya unyenyekevu mbele ya wataalamu, ilififisha suala la msingi: ni nani aliyeamua, na ni nani wa kuwajibika?

Kushauri na Kuamua

Ifahamike kwanza jinsi mfumo wenyewe unavyofanya kazi. Dharura inapozuka nchini Uingereza, wanasayansi huitwa katika jopo la ushauri liitwalo SAGE. Mwaka 2020 jopo hilo liliongozwa na Patrick Vallance, Mshauri Mkuu wa Serikali kuhusu Sayansi, akishirikiana na Chris Whitty, Afisa Mkuu wa Tiba wa England. Humo walikuwamo wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza, wa hisabati na wa tabia za binadamu. Kazi yao ilikuwa kukadiria: ugonjwa unaenea kwa kasi gani, na hatua fulani ikichukuliwa, maambukizi yatapungua kwa kiasi gani? Kuamua iwapo shule zifungwe au watu waendelee kwenda kazini kulibaki mikononi mwa Waziri Mkuu, Boris Johnson, na mawaziri wake.

Kitenzi "kufuata" hakioani na mgawanyo huo wa kazi. Anayefuata yuko nyuma. Njia imekwisha kuchaguliwa na aliyetangulia. Kitenzi hiki ni tofauti na "kuzingatia", kwani mwenye kuzingatia hupima aliyoambiwa kisha akachagua mwenyewe. Aidha, katika kauli hiyo sayansi inasawiriwa kama kiongozi mmoja mwenye sauti moja, ilhali wanasayansi walikuwa bado wakijadiliana kuhusu virusi vilivyokuwa vimejulikana kwa miezi michache tu.

Machi 2020: Kufuata bila Kuhoji

Tarehe 12 Machi 2020 serikali ilitangaza kuwa lengo sasa lilikuwa kuchelewesha ueneaji wa ugonjwa. Upimaji wa watu wenye dalili nje ya hospitali ulisitishwa. Kesho yake Vallance alizungumzia suala la kinga ya jamii, akataja kiwango cha takriban asilimia 60 ya watu kuambukizwa. Kauli hiyo ilizua ghadhabu kubwa. Tarehe 16 Machi, watafiti wa Imperial College London wakiongozwa na Neil Ferguson walikadiria kuwa, pasipo hatua zozote, watu wapatao 510,000 wangefariki nchini humo. Siku hiyo hiyo Johnson aliwasihi wananchi waepuke mikutano isiyo ya lazima. Amri ya kubaki nyumbani haikutolewa hadi tarehe 23 Machi.

Mnamo Oktoba 2021, kamati mbili za Bunge la Makabwela zilitoa ripoti ya pamoja kuhusu kipindi hicho. Zilieleza kuwa sera ya mwanzo ililingana na ushauri uliotolewa, lakini ushauri wenyewe haukuhojiwa ipasavyo. Baadaye, katika ripoti ya Novemba 2025, tume ya uchunguzi inayoongozwa na jaji mstaafu Heather Hallett ilieleza kuwa amri ile ingalitolewa wiki moja mapema, vifo vipatavyo 23,000 vingaliepukwa England katika wimbi la kwanza. Kwa hivyo, ufuasi pekee haukuwa ngao.

Septemba 2020: Kauli Moja, Mwenendo Mwingine

Miezi sita baadaye hali iligeuka. Tarehe 21 Septemba 2020, SAGE ilishauri serikali ifikirie kuweka marufuku ya muda mfupi ili kukata mnyororo wa maambukizi. Serikali haikufanya hivyo. Tarehe 12 Oktoba Johnson alitangaza mpango wa kuyagawa maeneo ya England katika ngazi tatu za masharti. Saa chache baadaye kumbukumbu za kikao kile cha SAGE zilichapishwa, na tofauti kati ya ushauri na uamuzi ikawa bayana. Kesho yake kiongozi wa upinzani, Keir Starmer, akadai marufuku hiyo iwekwe. Hatimaye England ilifungwa tena tarehe 5 Novemba.

Ni kweli kwamba serikali ilikuwa na haki ya kuukataa ushauri huo. Kufunga nchi kuna gharama: mishahara hukatika, watoto hukosa masomo, na wagonjwa wengine hukosa matibabu. Tatizo ni kwamba serikali iliyokwisha kuuaminisha umma kuwa inafuata tu haikuwa na lugha ya kueleza ni kwa nini sasa ilikuwa imechagua.

Lawama Kutupiwa Nani?

Fauka ya hayo, kauli hiyo iliwaweka wataalamu mahali pasipokuwa pao. Mwanzoni hata orodha ya wajumbe wa SAGE ilikuwa siri. Ilipofichuliwa Aprili 2020 kuwa Dominic Cummings, mshauri wa kisiasa wa Johnson, alikuwa akihudhuria vikao, wengi walishuku kuwa siasa imeingia katika sayansi. Mwezi uliofuata orodha ilichapishwa, na David King, aliyewahi kuwa Mshauri Mkuu, akaunda jopo mbadala lililofanya vikao hadharani.

Kwa upande mwingine, Rishi Sunak, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alidai Agosti 2022 kuwa lilikuwa kosa kuwapa wanasayansi nguvu kiasi kile, na kwamba madhara ya kufunga nchi hayakujadiliwa vya kutosha. Hoja yake ina uzito, ila inaibua swali jingine: ni nani aliyewapa nguvu hizo, kama si mawaziri wenyewe? Whitty naye aliieleza tume ya Hallett, Novemba 2023, kuwa mwanzoni kauli ile ilionekana jambo jema, lakini punde ikageuka kuwa mzigo shingoni mwao.

Hitimisho

Mjadala wa Uingereza unaonyesha kuwa kupima serikali kwa kuuliza tu kama ilifuata sayansi hakutoshi. Mwezi Machi ilifuata ikachelewa. Septemba haikufuata ikachelewa tena. Swali la haki lina sehemu tatu: wataalamu walishauri nini, viongozi waliamua nini, na kwa sababu gani? Serikali inayosema "tumeusikia ushauri, tumeupima, na tumeamua hivi" hubeba dhamana ya maneno yake, na raia hujua wa kumuuliza. Kwa wanafunzi wa Kiswahili, ambao baadhi yao watakuwa wafasiri na wahariri wa matangazo ya dharura, tofauti kati ya "kufuata" na "kuzingatia" si ya msamiati tu. Katika janga lililoua zaidi ya watu 200,000 nchini Uingereza, wafiwa walistahili kuisikia ikitajwa.