Pensheni kwa Wazee Wote: Tumefika Wapi?

Tunapotembelea vijiji vya Ngara na Biharamulo, wazee hutuuliza swali moja: mwalimu akistaafu analipwa pensheni, je, sisi tuliolima maisha yetu yote? Ni swali la haki, na tunajaribu kulijibu hapa.

Pensheni ya michango

Pensheni tunayoifahamu hutokana na michango. Tangu mwaka 2018 Tanzania Bara ina mifuko miwili mikuu: PSSSF kwa watumishi wa umma, na NSSF kwa sekta binafsi na waliojiajiri. Kwa mwajiriwa, NSSF hupokea asilimia 20 ya mshahara kila mwezi, kutoka kwa mwajiri na mfanyakazi. Ili mwanachama apate pensheni ya uzee ya kila mwezi, anatakiwa awe amechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15.

Mkulima naye anaweza kujiunga kwa hiari, na vijana tunawahimiza wafikirie jambo hilo mapema. Lakini kahawa huvunwa kwa msimu, na mvua ikikosekana maharage hayatoshi hata chakula. Na bibi mwenye miaka 70 leo hawezi kuanza kuchangia kwa miaka 15.

Pensheni jamii

Kwa mzee kama huyo njia iliyobaki ni pensheni jamii. Hii hulipwa na serikali kutokana na kodi, na sifa yake kuu ni umri. Mwaka 2003 serikali ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee na pia Sera ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii. Mwaka 2010 Wizara ya Kazi, pamoja na shirika la HelpAge International, ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba kuwalipa wazee wote inawezekana. Hata hivyo, utafiti huo haukufuatwa na malipo kwa wazee wote wa Bara.

Wengine huuliza, je, TASAF si pensheni? Hapana. Mpango wake wa kunusuru kaya hulenga kaya maskini zilizotambuliwa kijijini. Mzee ambaye kaya yake haikuorodheshwa hapati kitu, hata akiwa na miaka 90.

Waliotangulia

Zanzibar ilianza Aprili 2016. Kila mkazi anayestahili mwenye miaka 70 na zaidi alianza kulipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa mvuvi, mkulima au mama wa nyumbani. Kenya nayo ilianza mwaka 2018 kuwalipa wazee wa umri huo kupitia Inua Jamii.

Hata hapa mkoani Kagera tuna mfano. Huko Nshamba, wilayani Muleba, mradi wa Kwa Wazee ulianza mwaka 2003 kuwapa wazee maskini pensheni ndogo, wengi wao wakiwa bibi waliolea wajukuu walioachwa yatima na UKIMWI. Fedha hizo zilinunua chakula, chumvi, sabuni na mahitaji ya shule. Kwa hiyo pensheni ya bibi ni pia daftari la mjukuu.

Tufanye nini sasa?

Kwanza, tuhakikishe kila mzee ana kitambulisho cha Taifa. Malipo yanayotolewa kwa umri hudai uthibitisho wa umri, na wazee wengi walizaliwa nyumbani bila cheti. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, hivyo suala la uraia nalo huangaliwa kwa makini. Watoto na majirani wawasindikize wazee wao, wasisubiri siku ya mwisho.

Pili, mabaraza ya wazee ya vijiji na kata yakutane na kuandika mihtasari. Suala la pensheni lifikishwe kwa diwani na mbunge, maana bajeti hupitishwa bungeni kila mwaka.

Tatu, tusiwaache wazee wakati tunasubiri. Kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kutenga mfuko mdogo wa jamii kwa ajili ya mzee asiye na mtu wa kumsaidia.

Wazee hawa ndio waliolima mashamba tunayorithi na kulea watoto wetu tulipofiwa. Wanachouliza si sadaka.