Chokoleti na Joto (2): Mafuta Yenye Sura Sita

Katika sehemu ya kwanza tuliifuata punje ya kakao kutoka shambani hadi kwenye mashine ya kusagia, tukaishia pale rojo lililochanganywa na sukari likiwa bado la moto. Leo tulitazame likipoa, maana hapo ndipo chokoleti nzuri inapoachana na mbaya.

Chukua vipande viwili vilivyotoka sufuria moja. Kimoja kinang'aa, ukikivunja kinalia "ta!", na mkononi kinakawia kuyeyuka. Cha pili kimefifia, kina mabaka ya kijivu, ukikivunja kinamomonyoka, na ukikigusa tu kinakupaka kidoleni. Viungo ni vilevile. Kilichotofautiana ni namna ya kupozwa.

Yote yanatokana na siagi ya kakao, yaani mafuta ya asili ya punje hiyo. Yakiganda, molekuli zake hujipanga na kufanya fuwele, na mpangilio wenyewe si mmoja. Mwaka 1966 watafiti Wille na Lutton walieleza aina sita, wakazipa namba za Kirumi. Ya kwanza huyeyuka kwenye nyuzi joto 17 hivi za Sentigredi, ya nne kwenye 27, ya tano karibu na 34, ya sita kwenye 36. Fundi anaitaka ya tano: dukani ni ngumu, mdomoni haina ujanja. Ya nne, kwa joto la Dar es Salaam la Februari, huyeyuka kabla hujaifungua.

Taabu ni kwamba chokoleti ikiachiwa ipoe yenyewe, aina hizo huchanganyika, na zile dhaifu ndizo zenye haraka ya kuganda. Kwa hiyo fundi huyeyusha chokoleti nyeusi hadi nyuzi 45 au 50, ili mpangilio wa zamani ufutike wote. Kisha huipoza huku akiikoroga hadi 27 au 28, fuwele zianze kuota. Halafu huipasha tena hadi 31 au 32. Wengi huiruka hatua hii ya mwisho, nayo ndiyo yenye akili kuliko zote: joto hilo huziyeyusha fuwele dhaifu, lakini za aina ya tano husalimika na kuwa mbegu, na mafuta yaliyobaki hujipanga kwa kuzifuata. Chokoleti ya maziwa huishia nyuzi moja au mbili chini ya hapo, kwa kuwa mafuta ya maziwa huilainisha. Chokoleti iliyoganda sawasawa husinyaa kidogo, ndiyo maana hutoka kwenye kalibu bila kubembelezwa.

Jikoni, jihadhari na mvuke. Tone moja la maji likiingia kwenye chokoleti iliyoyeyuka, chembe za sukari hulinyonya na kushikana, na rojo zima hugeuka bonge. Ajabu ni kwamba maji au maziwa mengi hayaleti balaa hilo. Ndiyo maana chokoleti ya kunywa inawezekana.

Sasa ule weupe unaowafanya watu waitupe chokoleti wakidhani imeota ukungu. Uko wa namna mbili. Wa kwanza ni mafuta: chokoleti imeyeyuka, mafuta yakapanda juu na kuganda upya bila mpango. Wa pili ni sukari: imetolewa kwenye friji, hewa yenye unyevu ikaiwekea umande, umande ukayeyusha sukari, kisha ukakauka. Pitisha kidole: mafuta yatateleza, sukari itakwaruza. Duka linalozima friji usiku ili kuokoa umeme hutengeneza zote mbili.

Hakuna sumu hapo. Chokoleti yenye weupe huo inalika, na ile ya mafuta ukiiyeyusha na kuipoza kwa utaratibu huu itang'aa tena. Na ukiitoa kwenye friji, usiifungue papo hapo. Iache ndani ya karatasi yake mpaka ubaridi uishe.